Wapenzi wa madaftari na kalamu za Kijapani, tupeane uzoefu: mliyoyanunua mmeyaandika?

#1 (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, habari za jioni. Humu tuko wengi tunaoandika shajara na kupenda vifaa vya Kijapani, ila kila siku tunaonyeshana vitu vipya tu. Leo naomba tusimuliane. Ulianzaje, unanunua wapi, na lile daftari unalolipenda kuliko yote umeliandika au bado limo kabatini?

Naanza mimi. Oktoba 2019 nilikuwa Tokyo kwa mafunzo ya wiki tatu. Siku ya mapumziko nikaingia Itoya ya Ginza, duka lenye klipu kubwa nyekundu mlangoni. Lilianza 1904, na unapanda ghorofa baada ya ghorofa za karatasi, kalamu, bahasha na wino. Mimi nimesoma kwa kauntabuku la kwaya tatu, nikiamini karatasi ni karatasi. Pale nilisimama nikigusa kurasa kwa kidole kama mtu anayechagua kitambaa cha harusi. Baadaye, kwenye duka la Loft, nikanunua Hobonichi Techo ya 2020, daftari la ratiba (techo) lenye ukurasa mmoja kwa kila siku ya mwaka. Karatasi yake, Tomoe River, ni nyembamba hadi unaona kivuli cha maandishi ya nyuma, lakini wino haupenyi.

Nikarudi nalo Dar, nikalizungushia kanga, nikaliweka kabatini. Niliogopa kuliharibu. Nikawa nasubiri jambo kubwa linalostahili ukurasa ule.

Agosti mama akaanza kusahau. Jioni moja alinisimulia jinsi bibi alivyohama Kilwa na watoto wawili. Kesho yake akasimulia tena, mtoto mmoja hayupo kwenye hadithi. Usiku huo nikalitoa daftari, nikaandika kwenye ukurasa wa tarehe ileile. Kurasa za miezi saba ya nyuma zimebaki nyeupe, na zinaniuma, maana miezi ile mama alikuwa bado anakumbuka. Siku hizi nikinunua daftari nalifungua siku hiyohiyo.

#2

Pole sana dada, Mungu amtunze mama.

Mimi nipo Maskati, na kisa changu ni cha wino. Nilikuwa na zile peni ambazo ukikosea unasugua kwa kitako cha mpira na maandishi yanatoweka. Niliandika nazo safari yangu ya umra na marehemu baba, kurasa 31. Mwezi wa saba nikaacha daftari juu ya dashibodi ya gari, nikaingia kazini. Nilipotoka, kurasa zote nyeupe, imebaki mikwaruzo ya ncha tu. Nililia palepale kwenye maegesho.

Kumbe ule mpira haufuti kitu. Msuguano ndio unaoleta joto, na wino ukifika nyuzi 60 hivi unapoteza rangi. Gari lililofungwa kiangazi cha huku linafika huko bila taabu. Binti wa dada yangu ndiye aliyegundua kwamba wino bado upo kwenye karatasi, umejificha, na ukipozwa chini kabisa ya sifuri unarudi. Tukalifunga daftari kwenye mifuko miwili ya plastiki isipenye unyevu, tukalilaza kwenye friza usiku kucha.

Asubuhi maneno ya baba yalikuwa yamerudi, yamepauka kidogo. Na kila nilichowahi kufuta kimerudi pia, kimepanda juu ya nilichoandika baadaye, hivyo mistari mingine ilinichukua saa nzima kuisoma. Nimenakili kurasa zote 31 kwa wino wa kawaida. Peni zile nimeziachia ratiba na orodha ya sokoni.

Kuhusu kununua, nikienda Dubai napita duka la vitabu la Kinokuniya, pale Dubai Mall. Bei yake si ya Tokyo, lakini unashika kitu kwa mkono kabla hujalipa.

#3

Wakuu, mimi sina stika wala mapambo. Nauza spea za magari Kariakoo. Mteja wangu mmoja baharia aliniletea boksi la penseli zenye zile almasi tatu, nikadhani ni zawadi za matangazo ya kampuni ya magari. Nikafuatilia. Mitsubishi Pencil haina udugu na hao wa magari, ilianza 1887, na nembo yake ya almasi tatu iliisajili 1903.

Hao hao ndio wanatengeneza peni za Jetstream, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Natumia mkono wa kushoto. Tangu shule ya msingi mkono wangu unapita juu ya maneno mabichi, ukingo wa kiganja bluu, daftari limechafuka, na nilichapwa kwa hilo. Wino wa hii unateleza na unakauka upesi. Nimeanza kuandika jioni baada ya kufunga duka, mwaka wa nne sasa, kwenye kauntabuku la kawaida la hapa hapa, na ukurasa unabaki safi.

#4

Kaka wa Kariakoo, nimefurahi mno kusoma hayo.

Mimi ni wa Mombasa, ugonjwa wangu ni utepe wa washi, yaani karatasi ya Kijapani yenye gundi. Wengi huuita selotepu ya maua, lakini selotepu ukiibandua inaondoka na karatasi. Hii unaibandika, unaibandua, unaihamisha. Wanaotengeneza zile zenye jina la mt ni Kamoi, kiwanda cha mji wa Kurashiki, Japani, kilichoanza 1923 kikitengeneza karatasi za kunasia inzi. Gundi wakaijua huko. Baadaye wakawa wanatengeneza tepu za mafundi rangi, hadi mwaka 2006 wanawake watatu waliokuwa wakizitumia kwa kazi za mikono walipowaandikia kuomba kutembelea kiwanda. Mwaka 2008 zikatoka za rangi na michoro. Huwa nawawaza sana wale wanawake. Waliona uzuri kwenye kitu cha fundi, wakathubutu kuandika.

Sisi ni marafiki watano. Tunaagiza pamoja kupitia shemeji anayesafiri, kisha tunagawana: kila mmoja anazungushia mita moja ya kila mchoro kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda. Hivyo mtu anapata michoro 20 kwa gharama ya roli chache, na kwa kuwa ni kidogo haogopi kuitumia.

Anayeagiza jalada kando na daftari apime kwanza. Saizi ya B5 ya Kijapani ni milimita 182 kwa 257, ya kimataifa ni 176 kwa 250. Mimi nilinunua jalada la ngozi, daftari likakataa kuingia.

#5

Shikamooni nyote. Mimi ni mwanafunzi, nipo Tokyo mwaka wa pili. Msidhani huku tunaishi mitaa ya kifahari kama Ginza. Kila kitu nimeanzia duka la yeni 100, ambapo ukilipa na kodi ni 110, na daftari lao la bei hiyo limenishinda kulichoka.

Madaftari ya mwaka ujao huanza kujaa madukani Septemba. Na kwa kuwa shule na ofisi za huku zinaanza mwaka Aprili, kuna techo zinazoanzia Aprili pia, kwa hiyo aliyechelewa Januari asikate tamaa.

Ninapopapenda ni Kakimori, mtaa wa Kuramae. Unachagua jalada la mbele, la nyuma, karatasi za ndani, ringi na kifungio, wanakuunganishia ukisubiri. Mara ya kwanza nilikaa karibu saa mbili nikichagua, na yule dada wa kaunta hakunikimbiza hata kidogo. La kwangu nimeliandikia Kiswahili kitupu. Siku nzima nazungumza Kijapani na Kiingereza, usiku nalikuta limenisubiri.

Dada mwanzisha uzi, nakuja likizo Desemba. Nikupelekee lipi?

#1

Mdogo wangu, marahaba, na ahsante. Nimemsomea mama majibu yenu yote. Kisa cha friza amekitaka mara mbili. Kisha nikamwonyesha picha za majalada ulizonitumia, naye akachagua la rangi ya ukili. Niwekee karatasi zisizo na mistari, maana amesema hili ataandika mwenyewe, na mwandiko wake siku hizi unapanda.