Baada ya miaka hamsini: nianze na matembezi, vyuma, bwawa au chakula?

Mtulivu

Ndugu wanajukwaa, nina umri wa miaka 54, kazi yangu ni ya kukaa mezani tangu asubuhi hadi jioni, na uzito wangu umefika kilo 92. Ujanani nilikuwa mtu wa michezo, kisha kazi na malezi vikachukua nafasi yake. Sasa goti la kulia linauma ninaposhuka ngazi, natumia dawa za shinikizo la damu, na daktari amenieleza kwamba nisipopunguza uzito kisukari hakiko mbali. Ameniruhusu kufanya mazoezi, nami nina saa nne hivi kwa wiki ambazo nataka kuzitumia vizuri.

Nalinganisha njia nne: kutembea kwa kasi, kunyanyua vyuma, kuogelea, au kuacha mazoezi kwanza na kushughulikia chakula peke yake hadi mwili upungue. Naomba mnieleze kila njia inatoa nini na inakosa nini kwa mtu wa umri huu, kwa sababu ushauri mwingi ninaokutana nao umeandikwa kwa ajili ya vijana.

Hatua Ndefu

Karibu sana, ndugu Mtulivu. Mimi ninatetea kutembea, kwa sababu ndilo zoezi ambalo mtu aliyekaa miaka mingi bila kujishughulisha anaweza kulianza kesho asubuhi bila kufundishwa, na ndilo nililoona wenzangu wengi wakidumu nalo baada ya kuacha mengine yote.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiasi, na dakika hizo si lazima zifanywe kwa mkupuo mmoja. Kipimo cha kiasi hakihitaji kifaa chochote: ukiwa unatembea uweze kuzungumza sentensi nzima, lakini ukijaribu kuimba pumzi ikukatike. Ukiweza kuimba, unatembea polepole mno.

Usitishwe na ile hesabu ya hatua 10,000 kwa siku. Ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960, wala haikutokana na utafiti wa kitabibu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanawake wenye wastani wa miaka 72 ulionyesha kwamba hatari ya kufa ilipungua kadiri hatua zilivyoongezeka, na faida hiyo ikatulia kwenye hatua kama 7,500.

Kuhusu goti, anza kwenye njia tambarare kwa dakika kumi, uongeze kidogo kila wiki, na ujihadhari na miteremko kuliko vilima, kwa kuwa kushuka ndiko kunakolitwisha goti mzigo. Utafiti kwa watu wazito wenye ugonjwa wa viungo vya magoti ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua.

Msuli Imara

Nakubaliana na mengi aliyosema Hatua Ndefu, ila nadhani swali lenyewe linahitaji kugeuzwa. Kijana anayetaka kupungua anaweza kuuliza ni zoezi gani linalochoma mafuta zaidi. Mtu wa miaka 54 anapaswa kuuliza ni zoezi gani litakalomlindia misuli wakati mafuta yanaondoka, kwa sababu misuli huanza kupungua taratibu tangu tukiwa na miaka thelathini na kitu, na kasi huongezeka baada ya sitini. Ukipunguza uzito kwa chakula peke yake, sehemu ya kilo zinazoondoka, mara nyingi hata robo yake, si mafuta. Mwili ukija kunenepa tena, mafuta hurudi kwa urahisi kuliko misuli, na mtu hujikuta na uzito uleule wa zamani huku akiwa dhaifu zaidi.

Upo utafiti unaojibu swali lako karibu neno kwa neno, uliochapishwa mwaka 2017 katika New England Journal of Medicine. Watu 160 wanene wenye umri wa miaka 65 na zaidi waligawanywa makundi. Makundi matatu yalipunguza chakula, moja likafanya mazoezi ya pumzi kama kutembea, la pili vyuma, la tatu vyote viwili. Yote matatu yalipungua uzito kwa asilimia 9 hivi. Tofauti ilikuwa katika kile kilichopotea: kundi la mazoezi ya pumzi lilipoteza asilimia 5 ya uzito wa mwili usio mafuta, la vyuma asilimia 2, na la mchanganyiko asilimia 3. Katika uwezo wa kufanya shughuli za kila siku, kundi la mchanganyiko liliongezeka asilimia 21 na mengine mawili asilimia 14. Mizani ingewaambia wote kwamba wamefanikiwa sawa.

Wala usidhani umechelewa. Mwaka 1990 jarida la JAMA lilichapisha matokeo ya wazee kumi wa umri wa takribani miaka 90 waliofanya mazoezi ya nguvu ya miguu kwa wiki nane. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Kama huna jimu karibu au unaona haya kuingia humo, anza na kiti. Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani, kaa kwenye nusu ya mbele, visigino viwe nyuma kidogo ya magoti, na mikono uikunje kifuani. Inama mbele kutokea kwenye nyonga mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo usimame. Kazi yenyewe iko kwenye kushuka: hesabu polepole moja hadi tatu kabla makalio hayajagusa kiti, usijitupe, na usiache magoti yakaingia ndani. Fanya mara nane hadi kumi, pumzika, urudie. Zoezi hili pia ni kipimo, kwani mwanamume wa miaka 60 hadi 64 anayeshindwa kufikisha mara 14 katika sekunde 30 huhesabiwa kuwa chini ya wastani, na kwa mwanamke wa umri huo ni mara 12. Wewe una miaka 54, kwa hiyo lenga juu ya hapo.

Baadaye ongeza kusukuma (anza na pushapu za ukutani), kuvuta kwa mkanda wa mpira, kunyanyua mzigo kutoka chini kwa kukunja nyonga, na kubeba mizigo ukitembea. Siku mbili kwa wiki zisizofuatana zinatosha. Chagua uzito ambao marudio mawili ya mwisho yanakuwa magumu bila kuharibu mkao. Usiongeze haraka, kwa sababu kano, zile nyuzi zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, huzoea mzigo polepole kuliko misuli, na wengi wanaorudi baada ya miaka mingi huumia hapo, misuli ikiwa imeshakuwa tayari na kano bado.

Bint Bahari

Mimi ni mtu wa bwawa, na nitasema mazuri yake pamoja na upungufu wake. Ukisimama kwenye maji yanayofika kifuani, sehemu kubwa ya uzito wako inabebwa na maji, kwa hiyo mwenye goti bovu au mgongo mbaya anaweza kutoa jasho humo wakati nchi kavu ingemshinda. Asiyejua kuogelea anaweza kutembea ndani ya maji kwenda na kurudi akiyasukuma kwa mapaja, na atashangaa jinsi pumzi inavyompanda.

Hata hivyo, kile kinachopumzisha goti ndicho kinachoinyima mifupa kazi. Mifupa huimarika inapobebeshwa uzito na inapovutwa na misuli, na maji hayaibebeshi. Nawaandikia hili hasa dada zangu mnaosoma. Baada ya ukomo wa hedhi estrojeni, homoni ya kike inayolinda mifupa, hushuka, mafuta huanza kujikusanya tumboni badala ya nyonga na mapaja, na mifupa hupoteza uimara kwa kasi katika miaka ya mwanzo. Bwawa halitoshi kwetu. Utafiti wa Australia uitwao LIFTMOR uliwachukua wanawake waliokwisha koma hedhi na wenye mifupa dhaifu, wakanyanyua vyuma vizito chini ya uangalizi mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa miezi minane, na uimara wa mifupa ya uti wa mgongo ukaongezeka. Neno la uangalizi lina uzito hapo. Mwenye mifupa dhaifu asijaribu vyuma vizito peke yake.

Kwa kaka Mtulivu ningesema bwawa liwe kimbilio la siku ambazo goti limekasirika, lisiwe mpango mzima.

Hatua Ndefu

Msuli Imara, takwimu zako sizipingi. Ninachoomba tukikumbuke ni kwamba washiriki wa tafiti hizo walikuwa na wakufunzi waliowasimamia na kuwangoja. Mtu aliye peke yake akipewa siku ya kwanza orodha ya mazoezi matano, chakula kipya na ratiba mpya, huvibeba kwa muda mfupi kisha huviacha vyote pamoja. Ningependa kwanza aizoeshe wiki yake kuwa na mazoezi, kwa matembezi, ndipo vyuma viingie.

Msuli Imara

Hoja yako ni ya haki, nami napunguza ombi langu: matembezi yaanze, na zoezi la kiti liingie siku mbili za wiki hiyohiyo ya kwanza. Linachukua dakika kumi. Nisichokubali ni vyuma kungojea hadi uzito upungue, kwa sababu misuli inaondoka katika kipindi hichohicho cha kupungua.

Sahani Ndogo

Naomba niingie upande wa chakula, maana bila hesabu yake mtu anaweza kutembea mwaka mzima akilaumu umri. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takribani kalori 7,700. Mtu wa kilo 92 akitembea kwa kasi nusu saa anatumia kati ya kalori 150 na 200. Ukigawanya, unahitaji matembezi kama arobaini hadi hamsini kwa kilo moja, tena kama hukula zaidi kufidia. Kupunguza kalori hizohizo mezani ni jambo la kuacha kinywaji kitamu kimoja au kupunguza kijiko kikubwa kimoja na nusu cha mafuta. Kwa hiyo katika kupunguza uzito chakula kinatangulia, na mazoezi ndiyo yanayoamua mwili unaobaki utakuwa wa namna gani na kama uzito utarudi.

Watu wengi husema kwamba mwili huacha kuchoma chakula ukifika hamsini. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science ulionyesha kwamba matumizi ya nishati ya mwili, yakisawazishwa na ukubwa wake, hubaki palepale tangu miaka 20 hadi 60, kisha hushuka kwa asilimia 0.7 hivi kwa mwaka. Kinachobadilika katika miaka ya hamsini ni misuli iliyopungua, kukaa kulikoongezeka na usingizi ulioharibika, na mambo hayo yana dawa.

Kosa la wanaopunguza chakula katika umri huu ni kupunguza kila kitu pamoja na protini. Ukipunguza, punguza sukari, mafuta na wanga, protini ibaki. Wataalamu wengi wa lishe ya watu wazima hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani gramu 92 hadi 110 kwako, zigawanywe katika milo yote badala ya kurundikwa usiku. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate kiwango hiki kabla ya kumwona daktari wake.

Kuhusu kisukari, pata moyo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu na ugonjwa huo walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na hatari ya kuupata ikashuka kwa asilimia 58. Waliokuwa na miaka 60 na zaidi ndio walionufaika zaidi, kwa asilimia 71. Asilimia 7 kwako ni kilo sita na nusu hivi.

Gurudumu

Baiskeli haikutajwa. Kwa goti linalouma wakati wa kushuka ngazi ni nzuri sana, mradi kiti kiwe juu kiasi kwamba goti linabaki limekunjwa kidogo tu pedali ikiwa chini kabisa. Kiti cha chini hulibana goti. Upungufu wake kwa mifupa ni uleule wa bwawa.

Muuguzi Mstaafu

Ndugu Mtulivu, umesema unatumia dawa za shinikizo la damu bila kutaja ni zipi. Kama ni za kundi la beta-bloka, yaani zinazopunguza kasi ya moyo, kwa mfano atenolol au bisoprolol, mapigo ya moyo hayatapanda kama chati za jimu zinavyoonyesha, na ukiyafukuzia utajiumiza. Tumia kile kipimo cha kuzungumza. Usimalize zoezi kwa kusimama ghafla. Punguza mwendo kwa dakika tano hadi kumi, kwa kuwa presha huweza kushuka na kizunguzungu kikakuangusha. Unaponyanyua, toa pumzi wakati wa kusukuma, maana kuibana hupandisha presha kwa nguvu. Uzito ukipungua vizuri dawa zinaweza kuhitaji kupunguzwa, lakini uamuzi huo ni wa daktari.

Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya aina ya glibenclamide wasipunguze chakula na kuongeza mazoezi kwa pamoja bila kushauriana, kwa sababu sukari inaweza kushuka mno.

Misuli kuuma siku moja hadi tatu baada ya zoezi ni kawaida. Kiungo kilichovimba, au maumivu yanayokuamsha usiku, si kawaida. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, au pumzi ikikatika kuliko kazi unayofanya, simama na utafute matibabu papo hapo.

Mtulivu

Nawashukuru kwa dhati. Nimepanga matembezi ya nusu saa siku nne, zoezi la kiti na la ukutani siku mbili, bwawa siku goti likikataa, na dawa nitamuuliza daktari wiki hii. Chakula naanza na vinywaji vitamu. Limebaki swali moja: kama misuli inaongezeka wakati mafuta yanapungua, nitajuaje kwamba ninakwenda vizuri iwapo mizani haisogei?

Sahani Ndogo

Tumia uzi. Pima urefu wako kwa uzi, uukunje katikati, kisha uzungushe nusu hiyo kiunoni, juu kidogo ya mifupa ya nyonga, ukiwa umetoa pumzi bila kuvuta tumbo. Ncha zikikutana, kiuno chako hakizidi nusu ya urefu wako, na hapo ndipo panapotakiwa. Zisipokutana, weka alama ya pengo na upime tena mwishoni mwa mwezi, asubuhi kabla ya kula. Mizani ipande mara moja kwa wiki tu, kwa kuwa maji na chumvi huitikisa kila siku.

Msuli Imara

Na andika idadi ya mara unazoinuka kitini kwa sekunde 30 kando ya kipimo hicho cha uzi. Pengo likipungua huku idadi ikipanda, kinachoondoka ni mafuta. Vikipungua vyote viwili, ongeza protini na usiruke siku za nguvu.