Ati "ngazi yako ile pale"! Leo nimetukanwa na tai shingoni

Asalaam alaykum. Salamu nishatoa, sasa nipisheni nina hasira.

Yule bwana mnamjua, msinifanye nimtaje. Wa mlango wa buluu, kiunoni mafunguo utadhani Mji Mkongwe wote wake. Leo nimemwendea kuomba kazi, na bahasha yangu ya kaki, shati limepigwa pasi mpaka nzi akitua ateleza. Nilianzia amali, mafunzo ya ufundi wa mikono, nimevuta waya mpaka vidole vikawa magamba ya chaza, kisha miaka mitatu ya chuo: ngazi za tuzo za ufundi, NTA 4, 5, 6. Stashahada ya umeme, wastani wa alama, yaani GPA, 3.4.

Bahasha hakuifungua. Kajipepea nayo. "Una ngazi ya ngapi wewe?" Nikajibu kwa adabu, "Ya sita, mzee wangu." Akageukia ukutani. Pameegemezwa ngazi ya mbao, imejaa matone ya rangi, kidato kimoja kimefungwa kamba.

"Ngazi yako ile pale. Feni hiyo haizunguki."

Ngazi. Yako. Ile. Pale.

Foleni nzima ikacheka, hata muuza kashata aliyekuwa anapita nje karudi kucheka. Na mie, mjinga wa wajinga, nikapanda! Nikamwambia kapasita imekufa. "Ahsante fundi, siku ukija njoo nayo." Nije nayo mie! Na kazi je? "Twataka wa digrii. Nyie wa amali mwisho wenu hapo hapo." Hapo hapo wapi, juu ya ngazi?

Karafuu_Mbichi: Yakhe, feni ilizunguka?

Mwenye uzi: Si hoja!

Karafuu_Mbichi: Haikuzunguka huyu.

BintiMakunduchi: Kaka, wacha kulia. Stashahada yenye GPA 3.0 na kuendelea, pamoja na D nne za kidato cha nne, chuo kikuu waomba bila kupita kidato cha sita. Ila soma masharti ya kozi yenyewe, nyengine zataka zaidi. Hiyo NTA 8 ndo digrii anayoitaka yeye.

Mwenye uzi: Dada, kanambia NGAZI YAKO ILE PALE!!

Dishi_la_Wete: Hicho kidato kilichofungwa kamba ndo cha nne? 😂

Fundi_Bomba: Una 3.4 walia? Mie nina 2.9. Nukta moja! Kila dirisha naambiwa tatu, tatu, kama napiga mnada. Na mama keshatangaza mtaa mzima mwanawe injinia.

Upawa_wa_Moto: Bora nyie. Mie nimesomea upishi wa hoteli. Nimekwenda harusini mgeni mwalikwa, kanzu mpya, shangazi kanivulia kofia kanipa upawa. Masufuria matatu! Hata soda sikupewa.

Dishi_la_Wete: Pilau au biriani?

Upawa_wa_Moto: Biriani la kuku.

Karafuu_Mbichi: Ngoja. Harusi ya Jumamosi ile, Chwaka? Kumbe weye! Kuku hakuiva.

Upawa_wa_Moto: Aliiva! Wa mwanzo walikula wakanyamaza, mliochelewa ndo wenye maneno.

Fundi_Bomba: Nilikuwepo. Paja lilikuwa bado lawika.

BintiMakunduchi: Na mbatata zilikuwa nusu. Nusu kila sahani, harusi ya watu wazima.

Upawa_wa_Moto: Mbatata muulizeni shangazi, alizifungia chumbani!

Mwenye uzi: Jamani, uzi wangu.

Dishi_la_Wete: Mwenye uzi, Wete waja lini? Feni yangu nayo haizunguki. Ngazi ninayo.