Karafuu kwa jino linalouma: nzima au mafuta?

Swali: Wakuu, gego lina tundu, usiku linauma sana. Karafuu inatumiwaje bila kuunguza fizi?

Jibu: Pole sana. Chagua karafuu nzima 1 yenye kichwa. Ukiibonyeza kwa ukucha itoe mafuta. Isiyonukia haifai. Ibane kando ya jino, ing'ate taratibu ilainike, usiisage. Ganzi ikiingia, iteme.

Jibu: Mafuta ya chupa ni makali mno, usiyapake yenyewe. Tone 1 kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, chovya pamba, ikamue, gusa tundu tu. Mtoto mdogo asipewe kabisa: akiyameza yanadhuru ini.

Jibu: Karafuu haizibi tundu. Shavu likivimba au homa ikipanda, muone daktari wa meno siku hiyohiyo.