Ugoko unauma na sitaki kuacha kukimbia: anayeanza apumzike siku ngapi kwa wiki?

MwanambioDar aliuliza:

Wakuu, salaam. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mfanyakazi wa ofisini hapa Dar es Salaam, na nimeanza kukimbia mwaka huu baada ya kujiunga na klabu ya jogging ya mtaani kwetu. Mwanzoni nilikuwa nikihema baada ya dakika chache tu, lakini sasa ninatoka Coco Beach, ninavuka Daraja la Tanzanite na kurudi bila kusimama, tena huku nikizungumza na wenzangu. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikikimbia kila siku alfajiri, kwa kuwa ninalenga nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi. Tatizo ni kwamba siku hizi ugoko wa mguu wa kushoto unauma upande wa ndani, hasa ninapoanza kukimbia, kisha maumivu hupungua nikishapata joto. Baadhi ya wenzangu wananishauri nipumzike, na wengine wanasema kwamba mwili ukizoea maumivu yataisha yenyewe. Naomba kufahamu, anayeanza apumzike siku ngapi kwa wiki, na je, nikipumzika sitapoteza pumzi niliyoipata kwa shida?

KochaMeru alijibu:

Dada, hongera kwa hatua uliyofikia, na umefanya vyema kuuliza mapema. Jambo la kwanza ni kwamba sehemu za mwili haziimariki kwa kasi moja. Moyo na damu hubadilika upesi: ndani ya wiki mbili hivi za mazoezi kiasi cha maji ya damu huongezeka, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na ndiyo maana unajiona umekuwa mwepesi. Misuli huhitaji wiki kadhaa, ilhali kano na mifupa huhitaji miezi. Kwa hiyo mkimbiaji mpya hufika mahali ambapo pumzi inamruhusu kwenda kilomita kumi, wakati miguu yake bado inamudu kilomita tatu tu, na hapo ndipo wengi huumia, si katika zile siku za mwanzo za kuhema.

Fikiria mzigo wenyewe. Kila mguu unapotua, hupokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 anayekimbia kilomita 5 kwa dakika 35 hupiga hatua zipatazo 5,800, maana yake kila mguu hupokea kishindo hicho karibu mara 2,900 katika asubuhi moja. Mfupa hauimariki pale pale barabarani. Kwanza seli fulani huondoa sehemu iliyochoka, kazi inayochukua wiki tatu hivi, kisha seli nyingine hujaza mfupa mpya mahali hapo, na ujazaji huo huchukua takriban miezi mitatu. Katikati ya hatua hizo mbili sehemu hiyo ya mfupa huwa dhaifu kwa muda, na anayekimbia kila siku ni sawa na mtu anayeongeza ghorofa juu ya nyumba ambayo ukuta wake umebomolewa ili ujengwe upya.

Pumzi usiihofie. Siku moja au mbili za kupumzika haziondoi chochote, na uwezo huanza kushuka kwa kiasi cha kuonekana baada ya siku kumi hivi za kukaa bila mazoezi yoyote. Maumivu yakishaisha, kimbia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi pamoja na klabu yako, ili siku za kukimbia zisifuatane, na uongeze siku ya nne baada ya miezi miwili au mitatu. Kila wiki ya nne punguza umbali kwa theluthi moja. Wakimbiaji wengi wa Iten, mji wa Kenya unaosifika kwa wanariadha wake, ambao hufanya mazoezi mara mbili kwa siku, hulala mchana kati ya zoezi na zoezi na huitenga Jumapili kwa ibada na mapumziko, ingawa wao wamekuwa wakikimbia kwa miaka mingi.

TibaYaViungo alijibu:

Naunga mkono maelezo ya kocha, ila ningependa kwanza tuutazame huo ugoko, kwa sababu ratiba ya mtu asiye na maumivu haitibu mguu ulioumia. Pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa. Iwapo maumivu yametawanyika kwa urefu wa vidole kadhaa na yanapungua ukishapata joto, kama ulivyoeleza, basi inaelekea eneo la mfupa na misuli iliyoushikilia limezidiwa na mzigo, na wiki mbili hivi bila kukimbia, kisha kurudi taratibu, mara nyingi hutosha. Lakini iwapo kidole kinagusa nukta moja inayouma sana, au maumivu yanazidi kadiri unavyokimbia, au yanakuamsha usiku, acha kukimbia mara moja na uende hospitali ukachunguzwe, kwani huenda mfupa umeanza kupata ufa. Fahamu pia kwamba picha ya eksirei ya siku za mwanzo inaweza isionyeshe ufa huo, hivyo ikitoka safi na maumivu yakaendelea, rudi kwa daktari.

Nawasihi pia wasomaji wengine wasimeze diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ili waweze kukimbia. Dawa hiyo huficha onyo ambalo mwili unatoa, na ikichanganyika na jasho jingi na upungufu wa maji katika joto la Dar es Salaam, figo zinaweza kuumia. Kwa wanawake kuna jambo moja zaidi ambalo halizungumzwi vya kutosha: hedhi ikianza kuruka miezi tangu mtu aongeze mazoezi, hiyo ni dalili kwamba huenda chakula hakitoshelezi kazi, na mifupa ndiyo hulipa gharama.

MwanambioDar aliandika:

Nawashukuru sana. Nimepitisha kidole na maumivu yametawanyika, hayako katika nukta moja, na usiku ninalala vizuri, kwa hiyo nitasimama kwa wiki mbili. Naomba nifafanuliwe jambo moja: kupumzika ni kukaa kabisa, au ninaruhusiwa kutembea na kuogelea? Na siku nisiyokimbia ninaweza kuitumia kwa kazi za nyumbani zilizolimbikizana?

MamaKapsabet alijibu:

Mwenzangu, swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote, na wanaume wengi hapa wangelipita. Siku ya mapumziko ikiwa ndiyo siku ya kufua nguo za familia nzima, kubeba ndoo za maji na kusimama jikoni hadi jioni, miguu haijapumzika hata kidogo. Kutembea kwa starehe na kuogelea havina ubaya maadamu ugoko hauumi, kwa kuwa majini mfupa haupokei kishindo. Kazi nzito zigawanye katika siku mbalimbali na uwaombe watu wa nyumbani wakusaidie, nao waelezwe kwamba siku hiyo ni sehemu ya mazoezi, si uvivu.

Usingizi usiupunguze, maana homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi wakati wa usingizi mzito wa saa za mwanzo za usiku, na anayelala saa sita usiku ili aamke saa kumi alfajiri hapati nafasi ya kutosha. Kula ugali, wali au viazi kama kawaida hata siku usiyokimbia, kwa sababu misuli huhitaji takriban siku nzima kujaza tena akiba yake, na ongeza maharage na dagaa, ambao huliwa pamoja na mifupa yao na hivyo hukupatia kalsiamu.

KochaMeru aliongeza:

Nyongeza fupi kuhusu Moshi. Nusu marathoni ile hupanda kuelekea Mweka na kuteremka tena, na mteremko ndio unaoichosha miguu kuliko mpando, hivyo katika wiki mbili za mwisho punguza umbali hadi karibu nusu. Ukikosa siku ya mazoezi kwa sababu ya mvua au kazi, usiifidie kwa kukimbia siku mbili mfululizo. Iache ipite na uendelee na siku inayofuata kwenye ratiba.