Naomba ushauri: tufungue msimbo wa programu yetu au tuufunge?

Ndugu wadau wa teknolojia, habari za leo. Tunaomba mtusaidie mawazo.

Mimi na mwenzangu tuna programu ya mauzo na stoo kwa maduka ya dawa hapa Mwanza. Wateja wanalipia kila mwezi. Sasa watengenezaji wa mikoa mingine wanataka kuiendeleza, na mimi natamani tuuweke msimbo (source code) wazi, yaani yeyote auone, autumie na kuubadilisha, ili programu ienee haraka. Mwenzangu hataki kabisa, na hoja yake ina uzito. Anasema IBM mwaka 1981 walitoa kompyuta yenye vipuri ambavyo yeyote angeweza kununua, Compaq na wengine wakaiga, soko likakua kweli, lakini IBM wenyewe wakaishia kuuza kitengo hicho kwa Lenovo mwaka 2005. Mimi namjibu kwa Android: Google waliacha msimbo wazi, ila Play Store na huduma zao wakazishika wenyewe. Tatizo ni kwamba sisi hatuna duka la kushika.

Tumejaribu njia ya kati: tumefungua API tu (njia ya programu nyingine kuunganishwa na yetu), msimbo tumebaki nao. Wachache wameunganisha mifumo yao ya uhasibu, lakini kasi bado ndogo.

Naomba kujua: kwa kampuni changa isiyo na mtaji, ni sehemu gani hasa ibaki yetu ili tuendelee kulipwa? Na je, kuna aliyetumia leseni ya AGPL (ya msimbo wazi, inayomtaka anayeubadilisha na kutoa huduma kwa mtandao naye aweke wazi msimbo wake) hapa nchini ikamlinda dhidi ya kampuni kubwa?

Natanguliza shukrani.