Swali kuhusu utangazaji wa marehemu Charles Hilary

Kijana wa Mbagala

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mtangazaji mchanga wa michezo, nina mwaka mmoja na nusu katika kituo kidogo cha redio hapa Dar es Salaam. Wiki iliyopita, mara tu baada ya mechi, msimamizi wangu wa vipindi aliniita pembeni, akaniambia kwamba natangaza mpira kama mtu anayeongea na rafiki aliyeketi naye jukwaani, akanishauri nitafute sauti za marehemu Charles Hilary nizisikilize. Nakiri kwamba nilimfahamu akiwa tayari mtu mzima katika kazi: nilimwona kwenye televisheni ya Azam, kisha nikamsikia akiwa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, wadhifa aliokuwa nao hadi alipofariki dunia tarehe 11 Mei 2025. Naomba kuelezwa alikopitia kabla ya hapo, na hasa nielezwe ni kitu gani ambacho masikio ya wakubwa yalikisikia kwake. Kila ninayemuuliza hunijibu kwamba "alikuwa na sauti", na sauti siwezi kwenda kuinunua Kariakoo.

Msikilizaji wa Buguruni

Marahaba, mwanangu. Charles Hilary alikuwa mzaliwa wa Zanzibar, lakini sisi wa huku bara tulimpata kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, akisoma habari na kutangaza mpira katika zama ambazo huku bara kulikuwa na redio moja tu ya nchini ya kusikiliza. Radio One ilipoanzishwa mwaka 1994, alikuwa miongoni mwa watangazaji walioondoka Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, kwenda kwenye redio hiyo mpya kule Mikocheni, kama alivyokuwa marehemu Julius Nyaisanga, ambaye wengi tulimwita Uncle J. Baadaye alikwenda Ujerumani, katika Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, kisha London, katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, ambako alitangaza kipindi cha habari cha Dira ya Dunia, na mwishowe akarejea nyumbani kwa kazi hiyo ya Azam unayoikumbuka.

Jambo ambalo vijana wengi hamlijui ni kwamba kwa sisi wa mjini jina lake lilikaa zaidi kwenye muziki. Pale Radio One alikuwa na kipindi cha Charanga Time, na kutokana na kipindi hicho watu wakambandika jina la Mzee wa Macharanga. Charanga, kwa asili, ni bendi ya Kikuba inayotegemea filimbi na fidla, na mji huu una mapenzi ya zamani na muziki wa Kuba, kwa kuwa santuri za mfululizo wa GV zilizoletwa Afrika tangu miaka ya 1930 ndizo zilizowafundisha wanamuziki wengi wa Kongo na wa kwetu kupiga rumba. Kwa hiyo mtu yule yule aliyekusomea taarifa ya msiba wa taifa kwa uzito unaostahili aliweza kukushika mkono na kukupeleka dansini, na hukuhisi kwamba amejifanya mtu mwingine. Mimi nilichokisikia kwake ni hicho. Namna kinavyotengenezwa, tuwaachie waliofanya kazi ndani.

Fundi Mitambo Mstaafu

Nashukuru kwa kuachiwa nafasi. Nilikaa upande wa pili wa kioo cha studio kwa miaka mingi, na sitasimulia habari za mtu binafsi, nitaeleza kazi ilivyokuwa, kwa sababu naamini ile "sauti" mnayoisifu ilizaliwa na kazi.

Anza na chombo alichokuwa nacho msikilizaji. Wakati ule tulirusha matangazo kwa masafa ya kati na masafa mafupi, ambayo hufika mbali sana lakini hubeba mikwaruzo, hupanda na kushuka, na usiku huingiliana na vituo vya nchi nyingine. Aliyekuwa Songea au Kigoma alikuwa na redio ya mawe, yaani betri, na mawe yakiisha nguvu aliyaanika juani juu ya bati ili ayasogeze siku mbili tatu zaidi. Ukikumbuka kwamba unazungumza na mtu ambaye mawe yake yalianikwa asubuhi, hutameza silabi ya mwisho, hutakimbiza tarakimu, wala hutataja jina la mtu mara moja tu na kuliacha lipotee katika mkwaruzo. Utamkaji ule ambao leo mnauona kuwa wa madaha ulikuwa njia ya kumfikia mtu mwenye redio hafifu. Redio za FM zilipokuja na sauti yake safi, hitaji hilo lilipungua, na watangazaji wakaanza kusema upesi kwa sababu waliweza kusema upesi na bado wakasikika.

Sasa tuje kwenye mpira, ambao ndio shida yako, kijana wangu. Mtangazaji wa televisheni anaongeza neno juu ya picha, lakini wa redio hana picha ya kuongezea, hivyo kazi yake ya kwanza ni kuujenga uwanja. Pale Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao leo ni Uwanja wa Uhuru na ambao wenyewe tuliuita Shamba la Bibi, mtangazaji alianza kwa kusema timu ipi inashambulia lango la kaskazini na ipi lango la kusini, na baada ya hapo kila pasi ilikuwa na mahali: kulia, kushoto, katikati ya uwanja, pembeni karibu na kibendera. Asiyeona alijua mpira ulipo. Halafu ni matokeo na dakika, ambavyo alipaswa kuvirudia mara kwa mara kuliko anavyodhani inatosha, kwa sababu daima kuna mtu aliyefungua redio sasa hivi, na huyo hakusikia ulichosema dakika tano zilizopita. Walitangaza wawili kwa zamu, na mwenzio alipokuwa anasema, wewe ulikuwa unaandika aliyebadilishwa na aliyepewa kadi, si kumchekea.

Kuna hila moja ambayo wengi wenu mnaikosea. Kipaza sauti hubeba kelele za mashabiki kabla wewe hujafungua kinywa, hivyo msikilizaji tayari anajua kwamba kuna jambo limetokea. Anachokingoja ni jina la mfungaji na namna mpira ulivyoingia. Mtangazaji anayetumia sekunde hizo kupiga ukelele wake mwenyewe amemnyima mtu kile alichokingoja, tena amemziba sikio. Sema jina, kisha waache mashabiki wamalizie.

Habari nazo zilikuwa na adabu yake. Karatasi ilisomwa kwa sauti kabla ya kuingia studio, majina ya kigeni yakaulizwa kwa mhariri, na ukurasa uliosomwa uliteremshwa mezani polepole ili usitoe mchakacho. Mtu aliyelelewa hivyo huenda Ujerumani na Uingereza akafanya kazi bila kubabaika, maana kioo cha studio ni kile kile.

Mama wa Magomeni

Nimesoma kwa furaha, ila naomba tusiwakweze waliotangulia kupita kiasi. Walikuwa hodari, na pia walikuwa peke yao. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hatukuwa na redio nyingine ya huku bara ya kuhamia tukichoshwa, na hata mtangazaji wa wastani alikuwa na masikio ya taifa zima. Kijana huyu anatangaza katika mji ambao msikilizaji akichoka anageuza kitufe na kupata vituo kadhaa, au anaiacha redio kabisa na kushika simu. Tumpime kwa haki.

Aidha, ukitafuta wa kujifunza kwao, usiishie kwa wanaume. Marehemu Halima Mchuka alitangaza mpira katika redio hiyo hiyo ya taifa wakati watu wengi waliona kwamba mwanamke hana la kusema kuhusu kandanda. Mimi nilikuwa msichana nilipomsikia mara ya kwanza, na baba yangu, mshabiki wa Yanga aliyekuwa na hasira za karibu, alinyamaza kidogo, akasogeza kiti karibu na redio, kisha akasema kwamba huyu anaujua mpira. Hakulizungumza tena, na tangu siku hiyo hakuzima redio alipokuwa anatangaza yeye. Halima alifariki mwaka 2011.

Na neno la mwisho kwako, mwanangu: usiige sauti ya Charles Hilary. Nimewasikia vijana wanaozamisha sauti kifuani ili wafanane na wazee, na matokeo yake ni kama mtu aliyevaa koti la marehemu mjomba wake.

Kijana wa Mbagala

Nawashukuru sana, na samahani kwa kukawia kujibu. Jana nilikwenda kwenye mechi ya mtaani, nikajirekodi kwa simu nikitangaza kipindi cha kwanza chote, kisha jioni nikamchezea mama rekodi ile jikoni akiwa anachambua mchicha, bila kumweleza chochote. Kwa muda alisikiliza kimya. Dakika ya tisa akainua kichwa na kuuliza, "Hawa wa kwako wanafungana ngapi?" Nilirudisha nyuma na kuhesabu: nilikuwa nimetaja matokeo mara moja tu, na mahali mpira ulipo sikuwa nimepataja hata mara moja, ingawa jina la mshambuliaji mmoja ambaye ni rafiki yangu nimelitaja mara kumi na nne.

Mzee Fundi Mitambo, naomba nikutumie rekodi ya Jumapili ijayo uisikilize.

Fundi Mitambo Mstaafu

Itume. Lakini mchezee mama kwanza, na uandike kila swali atakaloliuliza.