Mafua makali yameingia bwenini, tuyazuieje yasisambae chuo kizima?

Mwanabweni: Habari zenu wakuu. Mimi ni kiongozi wa ghorofa bwenini: vyumba 12, kila kimoja watu wanne. Wiki iliyopita jirani yangu alilala na homa, mwili wote unamuuma, kikohozi kikavu. Siku ya tatu wenzake wawili wakafuata. Leo nimehesabu wagonjwa tisa. Kinachoninyima usingizi ni kwamba karibu wote bado wanakwenda darasani, maana mahudhurio yanahesabiwa na majaribio yameanza. Jana nimemwona mmoja akikoholea kiganjani, na kwa mkono uleule akashika kitasa cha maktaba. Nyuma yake tulikuwa foleni ya watu kama kumi. Halafu kuna dada mmoja mwenye pumu, namhofia sana. Nianzie wapi?

Muuguzi wa Zamu: Pole mdogo wangu, na umefanya vema kuuliza mapema. Mwenye mafua haya huanza kuambukiza kama siku moja kabla hajajisikia vibaya, kisha huendelea siku 5 hadi 7 tangu augue. Ukisubiri mtu azidiwe ndipo umtenge, umechelewa. Abaki chumbani mpaka zipite saa 24 bila homa, tena homa iwe imeshuka yenyewe. Hapo ndipo wengi wanapokosea: anameza parasetamo asubuhi, joto linashuka, anabeba daftari. Virusi bado anavyo.

Huyo dada akiona dalili tu aende zahanati siku hiyohiyo. Dawa za kupambana na virusi, kama oseltamivir, hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48. Na tafadhali, msigawane antibiotiki zilizobaki kabatini. Haziui virusi.

Mpiga Kinanda: Mimi ningeomba chuo kipulizie dawa korido zote.

Muuguzi wa Zamu: Ndugu, nguvu hiyo ipelekeni kwenye madirisha. Mafua haya husafiri zaidi kwa matone ya anayekohoa, kupiga chafya au hata kuongea. Fungueni madirisha ya vyumba na ya madarasa, mgonjwa avae barakoa akitoka kwenda msalani. Kufuta kunasaidia mahali panaposhikwa na kila mtu: vitasa, swichi, bomba. Kwenye vitu vigumu virusi huweza kuishi hadi siku mbili. Mikono ioshwe kwa sabuni sekunde 20, au kitakasa mikono chenye alkoholi asilimia 60 na kuendelea.

Mwakilishi Mstaafu: Niongeze la darasani, maana nimepitia. Mgonjwa haendi kwenye kipindi kwa ukaidi, anaogopa kukosa alama. Usipomwondolea hofu hiyo, ushauri wote utaishia mlangoni. Sisi tulikwenda watatu kwa mkuu wa idara, tukaomba mgonjwa asikatwe mahudhurio hata kama hana cheti cha daktari, kwa sababu zahanati ilikuwa imefurika. Alikubali kwa wiki mbili. Tukapanga zamu ya kupiga picha ubao na kuwatumia waliolala. Chakula alipeleka mtu mmoja yuleyule, anakiacha mlangoni, anagonga, anaondoka. Kabla ya hapo watu watano walikuwa wakiingia kumsalimia mgonjwa na kukaa kitandani pake. Upendo ule ndio uliotuenezea mafua.

Binti wa Fizikia: Na chanjo je? Rafiki yangu alichanjwa, siku ya nne akaugua. Sasa anasema chanjo ndiyo iliyompa mafua.

Muuguzi wa Zamu: Chanjo ya sindano haina kirusi hai, haiwezi kumwambukiza. Mwili huhitaji kama wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo huenda alikuwa ameshaambukizwa. Hurudiwa kila mwaka kwa kuwa kirusi hubadilika. Ambao hawajaugua wakapate sasa, hasa wenye pumu, kisukari, selimundu, na wajawazito.

Mwanabweni: Asanteni sana, Mungu awabariki. Leo jioni tumemhamishia dada yule chumba cha mwisho wa korido, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Vitanda havisogezeki, kwa hiyo tumekubaliana kulala kwa kupishana, kichwa cha huyu kielekee miguu ya mwenzake. Vikombe vya bomba la pamoja nimeviondoa, kila mtu na chake. Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda wanne kwa mkuu wa idara.